Kabla Mfuko Haujawa Vipande Visivyookoteka

Katika mabango mengi ya kampeni za usafi, na hata katika madaftari ya wanafunzi wangu wa kemia hapa Kampala, huandikwa orodha moja ambayo watu huinakili bila kuihoji: mfuko wa plastiki huchukua miaka 20 kuisha baharini, chupa ya maji miaka 450, mshipi wa kuvulia samaki miaka 600. Naelewa kwa nini orodha hiyo inapendwa, kwa sababu namba kubwa hushtua, na anayeshtuka huenda akafikiri mara mbili kabla ya kutupa chupa mtaroni. Hata hivyo ni haki kuuliza ni nani aliyekaa ufukweni akaihesabu miaka hiyo. Polithini, ambayo ndiyo mifuko yetu, iligunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI nchini Uingereza, tena kwa bahati, wataalamu wakiwa wanatafuta kitu kingine kabisa. Na chupa ya plastiki aina ya PET, hii ya soda na maji, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1973. Chupa kongwe kuliko zote za namna hiyo ina umri mdogo kuliko babu zetu wengi. Mwaka 2020 watafiti wawili wa taasisi ya Woods Hole ya Marekani, Collin Ward na Christopher Reddy, walichunguza namba za mabango kama hayo na kueleza wazi kwamba nyingi hazina utafiti thabiti nyuma yake.

Kinachonisumbua zaidi ya udhaifu wa ushahidi wake ni picha ambayo orodha hiyo inaiacha akilini. Msomaji hubaki akidhani kwamba chupa itaelea ikiwa nzima kwa miaka 449, kisha mwaka wa 450 itatoweka. Hali halisi ni kinyume chake. Plastiki hudumu ikiwa kitu kizima kwa muda mfupi, wakati mwingine miezi michache tu, kisha hudumu ikiwa vipande kwa muda ambao hakuna kati yetu atakayeuona mwisho wake. Muda ule mfupi wa kwanza ndio pekee ambao mkono wa binadamu unaweza kufanya jambo, na kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria, muda huo hupita hapahapa kwetu, mbali kabisa na bahari.

Ili hayo yaeleweke ni lazima tuanze na jua. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Polithini, kwa mfano, ni kaboni na hidrojeni zilizofuatana maelfu kwa maelfu, na urefu huo ndio unaoipa uimara na mnyumbuko. Mionzi ya urujuanimno inapoipiga, hupata pa kuanzia kwenye kasoro ndogondogo na mabaki yaliyoachwa kiwandani, ikakata kifungo kimoja na kuacha ncha isiyotulia inayotafuta cha kushikamana nacho. Oksijeni ya hewani huwahi mahali hapo. Kutokana na muungano huo huzaliwa ncha nyingine za aina ileile, nazo hushambulia minyororo ya jirani, hivyo kazi iliyoanzishwa na mwale mmoja huendelea yenyewe na kusambaa. Mwisho wake mnyororo uliokuwa mrefu huwa vipande vifupi vilivyolala pamoja bila kushikana. Mkeka ambao mchwa wamekata ukindu wake hapa na pale huonekana umetimia ukiwa sakafuni, lakini ukiuinua unakuvunjikia mkononi, na plastiki iliyopigwa na jua iko katika hali hiyohiyo. Jambo ambalo wanafunzi wangu huchelewa kulikubali ni kwamba plastiki hupoteza nguvu zake mapema mno, kabla haijapoteza hata sehemu ndogo ya uzito wake. Hakuna kilichoisha bado. Kilichopotea ni ule mshikamano tu.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho hahitaji maabara. Atafute jerikeni ya njano iliyoachwa nje, upande wa ukuta unaopigwa na jua la mchana, kwa misimu kadhaa. Rangi ya upande ule itakuwa imepauka ikaelekea weupe, na akipitisha kidole atabaki na vumbi laini kama la chaki. Akiinama karibu zaidi, ataona mtandao wa nyufa nyembamba kuliko unywele, nyingi zikiwa zimeanzia kwenye mpini na kwenye pembe, mahali ambapo plastiki huvutwa kila jerikeni inapobebwa ikiwa imejaa maji. Akiigeuza upande uliokuwa umeelekea ukutani, atakuta njano yake bado inang'aa. Vumbi lile alilolishika ni plastiki ileile, isipokuwa sasa hakuna awezaye kuiokota. Mvua ikinyesha itaingia udongoni, na kutoka udongoni itaingia mtaroni.

Viwanda vinalifahamu tatizo hili vizuri sana. Matangi ya maji tunayoyaona juu ya mapaa ya nyumba ni meusi kwa sababu yamechanganywa na masizi laini ya kaboni ambayo hunywa mionzi na kuizuia isifike ndani, na bidhaa nyingine hutiwa dawa zinazonasa zile ncha zisizotulia kabla hazijasambaa. Mfuko mwembamba wa dukani hautiwi kinga ya namna hiyo kwa kiasi cha maana, kwa kuwa aliyeutengeneza alikusudia ufanye kazi dakika chache. Hapa ndipo mahesabu ya kipuuzi ya maisha yetu yanapoonekana: kitu kilichotengenezwa kitumike kutoka sokoni hadi nyumbani kimetengenezwa kwa malighafi ambayo vipande vyake vitatuzidi umri sisi, watoto wetu na wajukuu wetu.

Baharini mambo hubadilika. Mkemia Anthony Andrady, aliyelifanyia kazi suala hili kwa miaka mingi, alionyesha kwamba plastiki inayoelea huchakaa polepole kuliko plastiki ileile iliyoachwa juani nchi kavu. Sababu kubwa ni joto. Mchanga wa ufukweni saa saba mchana hauwezi kukanyagwa kwa mguu mtupu, na joto hilo huharakisha kila hatua ya kemia niliyoieleza, ilhali maji ya bahari hukipoza kitu kinachoelea na kukiacha katika hali karibu sawa mchana na usiku. Kisha viumbe huanza kukaa juu yake. Mnamo saa chache tangu kiingie majini, kitu chochote hufunikwa na utando wa bakteria. Siku zinavyopita huja mwani, halafu konokono wadogo na wengine wenye magamba, na vazi hilo la kijani hukizuia jua lisikifikie. Ndiyo sababu nasema ufukwe ndio kinu cha kusagia plastiki, kwa kuwa huko jua, joto, mchanga na mawimbi hufanya kazi pamoja, kisha maji yanayopwa na kujaa huchukua unga na kuupeleka ndani.

Si plastiki zote zinazoelea, na hili watu wengi hawalijui. Polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mifuko, vizibo vya chupa na jerikeni huelea baharini na ziwani vilevile. Lakini PET ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya theluthi moja, na nailoni ya nyavu nayo huzama. Chupa iliyofungwa kizibo huelea kwa sababu ya hewa iliyomo. Kizibo kikitoka, maji yakaingia, chupa huenda chini, na kizibo hubaki juu kikaendelea na safari yake peke yake. Hata vile vyepesi huzama vinapolemewa na viumbe vilivyovipanda.

Huko chini hakuna jua, baridi ni kali, na kemia yote niliyoieleza husimama karibu kabisa. Mwaka 2015 watafiti waliinua kutoka sakafu ya Bahari ya Pasifiki, upande wa Peru, kwenye kina cha zaidi ya mita 4,100, mfuko wa plastiki uliokuwa umebeba kopo la soda lililotolewa kwa ajili ya mashindano ya tenisi ya mwaka 1988. Mfuko ulikuwa umelala hapo kwa zaidi ya miaka 20 na haukuonyesha dalili za kukatikakatika. Katika Lindi la Mariana, mita 10,898 chini ya uso wa bahari, kamera ya Wajapani ilipiga picha ya mfuko mwingine mwaka 1998. Yule anayesema mfuko huisha kwa miaka 20 inabidi kwanza aseme ni mfuko uliolala wapi.

Kule juu, kazi ya kupasua haifanywi na mawimbi peke yake. Wanyama nao hushiriki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliwatazama viumbe wadogo wa pwani wanaofanana na kamba wakirarua mifuko ili kufikia utando uliokuwa umeota juu yake, wakakadiria mwaka 2018 kwamba mfuko mmoja waweza kugeuzwa kuwa vipande vidogo milioni 1.75. Katika mwaka huohuo ilionekana kwamba viumbe wadogo kama kamba wa bahari ya Antaktiki, wanaoitwa krili, humeza chembe za plastiki na kuzisaga tumboni hadi zikawa ndogo zaidi ya zilivyoingia.

Chuo kikuu hichohicho ndicho anakofanya kazi Richard Thompson, ambaye mwaka 2004 alichapisha pamoja na wenzake makala iliyoupatia ulimwengu jina la maikroplastiki, yaani vipande ambavyo leo tunavihesabu kuwa ni vya chini ya milimita 5. Swali lake la msingi lilikuwa la kihasibu: ikiwa tunamwaga plastiki nyingi hivi, mbona ile tunayoiona juu ya maji ni kidogo? Kwa mwaka 2010 pekee ilikadiriwa kwamba kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7 ziliingia baharini. Sehemu ya jibu iko sakafuni, na sehemu nyingine iko katika udogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu eneo lile la Pasifiki ambako mikondo hukusanya taka, kati ya Hawaii na California, ulikuta takriban tani 79,000 za plastiki. Maikroplastiki zilikuwa asilimia 8 tu ya uzito huo, lakini kwa hesabu ya vipande zilikuwa asilimia 94 ya vipande vyote. Nimezirudia namba hizo mbili darasani mara nyingi, kwa sababu hakuna kingine kinachoeleza vizuri zaidi maana ya plastiki kuvunjika: uzito bado uko kwenye nyavu na vyombo ambavyo meli inaweza kuviinua, wakati wingi umekwisha kuhamia kwenye chembe ambazo huwezi kuzichuja bila kuchuja pamoja nazo viumbe wote wadogo wanaoilisha bahari.

Je, upo mwisho wa kweli, mahali ambapo plastiki huacha kuwa plastiki? Upo. Minyororo ikishakuwa mifupi vya kutosha, sehemu yake huyeyuka majini na bakteria huweza kuila, na mwanga wenyewe unaweza kuigeuza plastiki kuwa hewa ya kaboni. Ward na wenzake waliona mwaka 2019 kwamba polistairini, plastiki ya vyombo vyepesi vya chakula, inaweza kugeuzwa na jua kuwa hewa ya kaboni ndani ya miongo au karne kadhaa, badala ya maelfu ya miaka. Mwaka 2016 Wajapani walitangaza bakteria aliyepatikana karibu na kiwanda cha kuchakata chupa ambaye hula PET. Habari hizo ni za kweli, na nilizifurahia, lakini bakteria yule aliila plastiki laini kwa majuma kadhaa katika joto la nyuzi 30 maabarani, si chupa iliyolala gizani kwenye maji ya baridi. Wala tusijifariji na mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza. Imogen Napper na Thompson waliifukia ardhini na kuiweka baharini kwa miaka mitatu, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba ilipotolewa baadhi yake bado ilibeba mzigo wa dukani bila kuchanika.

Sasa nirudi ziwani, kwa sababu mtu wa Uganda anaweza kusoma yote hayo akasema bahari iko mbali. Ziwa Viktoria liko juu ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,100, na jua lake ni kali mwaka mzima. Kila nilichokieleza kuhusu ufukwe wa bahari hutokea kwenye mialo yetu ya Ggaba, Kasenyi na Masese. Pale kwenye mwalo wa Ggaba mzee mmoja mvuvi aliwahi kunionyesha wavu mkuukuu aliokuwa ameutandaza juu ya mawe, nyuzi zake zikiwa zimekauka hadi zinalia zikikunjwa.

"Mwalimu," aliniambia, "baba yangu alivua kwa wavu wa pamba. Ulikuwa unaoza haraka, ikabidi auanike kila siku. Huu hauozi, ila angalia." Akauvuta kidogo kwa vidole viwili, uzi ukakatika, na vijiti vidogo vyeupe vikamwangukia mapajani.

"Na ukishachoka, Mzee wangu, unaupeleka wapi?"

"Wengine huuchoma. Wengine huuacha majini hukohuko."

Wavu unaoachwa majini huendelea kuvua bila mvuvi, na baadaye huwa vile vijiti vyeupe. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopasua sangara na sato walionunuliwa soko la Mwanza, upande wa Tanzania, wakathibitisha plastiki katika matumbo ya samaki mmoja kati ya kila watano wa kila aina. Miaka michache baadaye watafiti wa hapa kwetu, wa taasisi ya uvuvi iliyoko Jinja, walichuja maji ya juu ya ziwa na kukuta kwamba vipande vingi vilikuwa vya polithini na polipropilini, ambazo ndizo plastiki za mifuko, kamba na vizibo. Ziwa ni lilelile moja, na samaki hawatambui mipaka.

Kutoka Jinja maji huwa Mto Nile. Mfuko mzima una vikwazo vingi mbele yake: mabwawa ya Nalubaale, Bujagali, Isimba na Karuma, mafunjo ya Ziwa Kyoga, kisha vinamasi vikubwa vya Sudd katika Sudan Kusini na bwawa la Aswan. Siamini kwamba mifuko mingi ya Kampala hufika Misri ikiwa mifuko. Ila kila kikwazo humshika aliye mkubwa kwa urahisi kuliko aliye mdogo, na kitu kilichokwama kwenye mafunjo kikipigwa na jua hakikai kikiwa kikubwa. Kule mwisho wa mto, mwaka 2020, samaki waliochunguzwa Cairo walikuwa na maikroplastiki katika zaidi ya robo tatu yao. Mwaka huohuo sakafu ya Bahari ya Mediterania, karibu na Italia, ilikutwa na hadi vipande milioni 1.9 katika eneo la mita moja ya mraba.

Nikitazama jiji langu kwa macho hayo, naona tofauti ambayo sheria na soko havijaizingatia. Chupa za PET na jerikeni zilizopasuka zina wanunuzi. Vijana wanaozikusanya huzijaza kwenye magunia na kuzipeleka kupimwa kwa kilo, na kazi yao naiheshimu kuliko mikutano mingi niliyohudhuria. Mfuko mwembamba wa kaveera hauna mnunuzi. Ni mwepesi mno, umejaa matope au mafuta ya chapati, na itabidi uokote mingi sana ndipo upate kilo moja. Kwa hiyo plastiki inayovunjika upesi kuliko zote ndiyo ambayo hakuna anayelipwa kuiokota. Uganda ilipiga marufuku mifuko yenye unene wa chini ya mikroni 30 (mikroni 1,000 ni milimita moja) mwaka 2009, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 ikalirudia katazo hilo, wakati Rwanda ilikwisha kuikataza mifuko mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Yeyote anayenunua nyanya katika masoko yetu ya Nakasero au Owino anajua katazo letu limefika wapi.

Mwaka 2021 jahazi la Flipflopi lilitembea katika ziwa hili. Lilijengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na kushushwa majini mwaka 2018, kwa takriban tani 10 za plastiki iliyokusanywa, likavishwa sapatu kuukuu zipatazo 30,000. Watu walivutiwa na rangi zake, nami pia, lakini nilichokiona zaidi ni kwamba kila kipande kilichomo kiliokotwa kingali kinaokoteka. Mwaka mmoja au miwili zaidi ufukweni, sehemu ya mzigo ule isingepatikana tena kwa mkono.

Hapa Kampala kalenda ya jambo hili inajulikana. Kuanzia Desemba hadi Februari jua huwaka na mitaro hukauka. Mifuko iliyotupwa hulala ndani yake ikiiva, na hiyo ndiyo miezi ambayo minyororo hukatika. Mvua za Machi zikija, hubeba kila kitu kwa siku moja au mbili kupitia mfereji wa Nakivubo hadi kwenye mafunjo ya Luzira na Ghuba ya Murchison, na mfuko hufika ziwani ukiwa tayari umekauka, unasubiri wimbi la kuuchana. Tumezoea kuzibua mitaro baada ya mafuriko, wakati maji yameshaingia madukani na plastiki imeshapita. Kazi hiyohiyo, kwa watu walewale na mabeleshi yaleyale, ikifanywa wiki za mwisho za Februari, ingeikuta mifuko ikiwa bado mizima chini ya mtaro.